Wahadhiri wa lishe nao wafunzwe kufundisha

Mwalimu wa sekondari mjini Kericho sharti awe amesomea ualimu ndipo asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mhadhiri wa lishe, kwa kawaida, huangaliwa shahada na utafiti wake tu.

Pengo hilo hujitokeza zahanatini. Tuseme mchumaji majanichai wa Bomet ana upungufu wa damu, naye hunywa chai pamoja na ugali na mboga. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Mwanafunzi aliyekariri hayo kwa ajili ya mtihani atamshawishije mama huyo asubiri walau saa moja baada ya mlo? Stadi hiyo hutaka mazoezi, mhadhiri akisikiliza na kusahihisha.

Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho, tayari huandaa walimu. Wahadhiri wa lishe wangeweza kufunzwa huko.