Somo la Leo: Kuyapa Mafaili Majina Yenye Alama

Fungueni madaftari.

Karani akiweka hati ya shamba katika jalada, karatasi ile hukaa mahali pamoja tu. Akisahau ni jalada lipi, basi siku ya baraza la ardhi mwenye shamba hana ushahidi. Katika kompyuta iko njia nyepesi: jina la faili laweza kubeba alama nyingi.

Tazameni jina hili: 2024-03-15 risiti shamba kodi. Kwanza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hiyo majina yakipangwa, ya zamani hutangulia. Halafu zafuata alama zake. Mkitaka kuitafuta, fungueni folda, andikeni “risiti” katika nafasi ya kutafutia. Kila faili yenye neno hilo katika jina lake itaonekana.

Lakini angalieni! Ukiandika leo “risiti” na kesho “stakabadhi”, ukitafuta neno moja, lile la pili halitakuja. Basi chagueni maneno machache, yaandikeni daftarini, wala msiyabadili.

Zoezi: Andika jina la faili ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako.