Sahihi ya Mama kwenye Fomu ya EM-100

Mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu hapa San Diego, aliniita jioni moja nimsomee karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne kando ya bakuli la sombe, na pembeni imeandikwa EM-100. Binti yake wa miaka 16 alikwisha kuijaza kwa kalamu nyeusi, akabakiza mstari mmoja mtupu: wa sahihi ya mzazi.

"Nikisaini hapa, ndiyo nimemkana mwanangu?"

La, Mama. Lakini nilielewa kwa nini mkono ulikuwa mzito. Kwetu jambo hili halina hata jina. Mtoto akikosana na wazazi huenda kwa shangazi, mambo yakapoa, akarudi.

Fomu ile inaiomba mahakama ya kaunti imtambue aliye chini ya miaka 18 kuwa anajitegemea kama mtu mzima. Asili ya wazo hili ni Roma ya kale, ambako mwana alikuwa chini ya mamlaka ya baba mpaka baba afe, hata kama naye ameota mvi. Sheria za Mbao Kumi na Mbili zilisema baba akimuuza mwanawe mara tatu, hana tena amri juu yake. Wanasheria wakaigeuza adhabu hiyo kuwa mlango wa uhuru: baba alimuuza mwana kwa rafiki, akarudishiwa, akamuuza tena, hadi mara ya tatu. Mwenye uamuzi alikuwa baba. Katika Marekani ya karne ya 19, mahakama zililijadili suala hili hasa kwa sababu ya ujira: kijana akifanya kazi, fedha ni za nani? Utu uzima wakati huo kwa kawaida ulianza miaka 21. Majimbo mengi yaliushusha hadi 18 mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya umri wa kupiga kura kushushwa mwaka 1971.

California ya leo inamhesabu kijana kuwa anajitegemea akioa au kuolewa, akiwa askari jeshini, au jaji akiamua hivyo. Kwa jaji, awe ametimiza miaka 14, anaishi mbali na wazazi kwa hiari yake nao wameridhia au wamenyamaza, anasimamia fedha zake mwenyewe, na kipato chake hakitokani na uhalifu. Vijana wetu wengi hawalijui hili: mahakama inataka kuona unajitegemea tayari. Binti huyu alikuwa bado analala chumba kimoja na mdogo wake. Katika karatasi ya mapato na matumizi inayoambatana na fomu, penye kodi ya nyumba aliandika sifuri, penye chakula sifuri, simu dola 40.

Na akikubaliwa, wazazi hawawajibiki tena kumlisha. Shule bado ni lazima, kura bado 18, pombe bado 21. Akiishiwa kabisa, mahakama inaweza kuifuta hati na kumrudisha mikononi mwa wazazi.

Kwa sisi wahamiaji kuna hatari nyingine. Mtoto mwenye kadi ya kijani, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi chini ya ulezi wa kisheria wa mzazi wake, huwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapa kuwa raia. Kujitegemea kisheria hukata ulezi. Mama huyu alikuwa anasubiri tarehe ya kiapo. Nikamsihi aone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa kalamu.

Anayepigwa au kuteswa nyumbani asingoje fomu hii. Aseme leo, kwa mwalimu, kwa daktari, kwa ofisi ya ulinzi wa watoto ya kaunti. Na shangazi anaweza kuiomba mahakama impe ulezi, jambo lililo karibu zaidi na desturi yetu.

Nikamuuliza binti anataka nini hasa. Akatazama meza. Mshahara wake wa dukani, akasema, unaishia wote Bukavu.

California kweli bado inawapa wazazi haki juu ya ujira wa mtoto. Ila sheria hizohizo zinamruhusu mzazi kumwachia mtoto ujira huo, bila jaji wala fomu. Nilipomweleza mama hivyo alinyamaza kitambo, kisha akamuuliza bintiye kwa Kiswahili cha kwao: "Nusu yake ingekutosha?"