Rafiki wa Miaka Mingi Anayejiona Yeye Tu

Mmekaa kando ya Ziwa Singidani, wewe na rafiki yako wa tangu shule ya msingi. Unamwambia mama analazwa kesho. Hujamaliza, kashaanza habari za pikipiki yake mpya. Ukilalamika, anasema una wivu. Unajiuliza: huyu anaumwa?

Taratibu. Ugonjwa wa haiba ya kujikweza, yaani narsisizimu, uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Una dalili 9. Mtaalamu hutafuta angalau 5, tena za muda mrefu. Wewe angalia tabia tu.

Sasa mbona humwachi? B.F. Skinner aliona kwamba njiwa anayepata punje bila kujua lini huendelea kudonoa hata punje zikikatika. Wema wa rafiki yako, unaokuja mara mojamoja, unakushika hivyohivyo.

Ufanyeje? Akitaka tena kukopa hela yako ya alizeti, mwambie "safari hii hapana," bila maelezo marefu. Rafiki wa kawaida atanuna, kisha atapoa. Huyu akikusema vibaya mtaa mzima, mpunguzie siri na muda. Salamu zibaki. Ukikosa usingizi kwa ajili yake, muone afisa ustawi wa jamii.