Je, Wajua? Wembamba na Dhiki ni Ndugu

Makindye, Kampala. Bodaboda mbili zimekutana uso kwa uso kichochoroni. Lazima moja irudi nyuma. Wakati tukisubiri, tulichambue neno la Kiingereza linalofaa hapa: narrow, yaani "-embamba".

Je, wajua kwamba...

• Neno hilo lina zaidi ya miaka 1,000? Katika Kiingereza cha kale lilikuwa nearu, na halikuhusu upana tu: lilimaanisha pia taabu na kubanwa.

• Near, "karibu", si ndugu yake hata kidogo? Hilo lilianza kwa maana ya "karibu zaidi".

• Ndugu yake wa damu yuko Uholanzi? Anaitwa naar, ila huko jambo likiwa naar halijakosa upana, linaudhi.

• Kiswahili husema mtu mwembamba na njia nyembamba bila kubagua, lakini kwa Mwingereza mtu ni thin, njia ndiyo narrow? Naye akiponea chupuchupu, husema ameponea "pembamba".

• Reli ya kwenda Port Bell, inayopita Namuwongo, humuhumu Divisheni ya Makindye, ina upana wa milimita 1,000 tu? Mtu mzima huivuka kwa hatua moja. Wahandisi huita narrow reli yoyote iliyo chini ya milimita 1,435. Ujenzi wa njia ya upana huo wa mita moja ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikaingia Kampala 1931.

• Kiganda kina -funda kwa kitu chembamba, na okufunza ni kukifanya kiwe hivyo? Mswahili akisikia "kufunza" hufikiria mwalimu. Hajakosea sana: katika somo la Kiganda, okufunza ni kuandika muhtasari.

• "Finyu" imetoka kwenye kufinya? Ndiyo maana mwenye mawazo finyu huonekana kama aliyebanwa kichwa.

• "Dhiki" yetu ilitoka Uarabuni ikiwa na maana ya wembamba, na "faraja" imetokana na mzizi wenye maana ya kufungua? Basi isikilize upya methali: baada ya dhiki, faraja. Baada ya pembamba, upenyo.

Haya, bodaboda ya kwanza imerudi nyuma. Tupite.