Nondo wa Mbao na Kitani: Chama cha Wenye Ndege za Zamani Huhuishwaje?

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Methali hiyo yawafaa sana watu wanaomiliki ndege ndogo za zamani. Viwanda vilivyoziunda ndege hizo vimekwisha fungwa, mafundi wa mwanzo wamekwisha fariki, na vipuri vyake haviuzwi tena madukani. Hata hivyo ndege zenyewe zingali zikiruka, na sababu kubwa ni kwamba wenyewe wamejiunga katika vyama. Basi chama cha namna hiyo kikisinzia, si starehe ya wanachama tu inayopotea. Maisha ya watu nayo huingia hatarini.

NDEGE ILIYOFUNDISHA MARUBANI

Mfano ulio bora ni wa ndege ya Kiingereza iitwayo Tiger Moth. Mwasisi wa kampuni iliyoiunda, Geoffrey de Havilland, alikuwa mpenzi mkubwa wa wadudu, naye akazipa ndege zake ndogo jina la nondo. Ya kwanza katika ukoo huo iliruka mwaka 1925, nayo iliweza kukunja mabawa yake nyuma kama nondo aliyetua, ili iingie katika banda dogo.

Ukoo huo haukuwa mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ilianza kazi Nairobi ikiwa na ndege moja tu, nayo ilikuwa Gipsy Moth. Mwenye kampuni alikuwa mwanamke, Bibi Florence Kerr Wilson, na hadi leo uwanja wa ndege wa Wilson mjini humo wachukua jina lake. Mwaka 1930 mwanamke mwingine, Amy Johnson, aliirusha Gipsy Moth peke yake kutoka Uingereza hadi Australia.

Tiger Moth yenyewe iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931. Ndege zaidi ya 8,000 za aina hiyo ziliundwa, na katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya vijana walijifunzia humo urubani, katika Uingereza, Kanada, Australia, Afrika ya Kusini na Rhodesia ya Kusini. Mwalimu aliketi mbele na mwanafunzi nyuma, kila mmoja katika kiti kisicho na paa, wakasemezana kwa mpira uliopitisha sauti. Injini yake ina nguvu za farasi 130. Huwashwa kwa mkono: mtu hulishika panga la mbele, akalizungusha kwa nguvu, kisha akajitenga upesi.

Vita vilipokwisha, jeshi liliziuza nyingi kwa bei nafuu. Baadhi zilikwenda kwenye vilabu vya urubani, na nyingine, hasa katika New Zealand na Australia, zikawekwa pipa mahali pa kiti cha mbele ili zinyunyize mbolea na dawa mashambani.

KAZI YA SINDANO NA UZI

Akina mama wanaosoma kurasa hizi huenda wakastaajabu kusikia kwamba sehemu kubwa ya utunzaji wa ndege hii ni ushonaji. Mifupa ya mabawa ni ya mbao, na juu yake hutandazwa kitambaa, ambacho hapo zamani kilikuwa kitani. Kitambaa hicho hushonwa kwenye mbavu za bawa kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, na kila mshono hufungwa fundo lake. Kisha hupakwa dawa ya kukikaza mpaka kikilia kama ngoma kinapogongwa kwa kidole. Mkono wenye haraka haufai hapo. Tena ujuzi huo hauenei kwa kusoma vitabu peke yake, maana ni lazima mtu akae kando ya mjuzi, atazame, ajaribu, asahihishwe.

JINSI CHAMA KINAVYOFIFIA

Kampuni ya de Havilland iliingizwa katika kampuni nyingine mwaka 1960, na baadaye jina lake likatoweka. Wenye ndege zake walijikuta kama watoto waliofiwa na mzazi. Ndipo mwaka 1975 kikaundwa huko Uingereza chama cha wenye ndege za ukoo wa Moth, ambacho kimewakutanisha wanachama wa nchi nyingi. Kwa miaka mingi wanachama walikusanyika na ndege zao katika viwanja vya jumba la kale la Woburn Abbey, pamoja na wake, waume na watoto.

Lakini vyama vya namna hii, popote pale, vina maradhi yanayofanana. Wanachama huzeeka pamoja. Jarida huchelewa, halafu huja na tanzia nyingi kuliko habari za ufundi. Mikutano hugeuka kuwa ya chai na picha za zamani. Ndege huuzwa mbali, na mnunuzi hajui kwamba chama kipo. Hapo ndipo palipo ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

AJALI YA MWAKA 2013

Mwezi Desemba 2013, karibu na kisiwa cha South Stradbroke katika jimbo la Queensland, Australia, Tiger Moth moja ilipasuka mabawa ikiwa angani. Rubani na abiria wake walifariki. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba vyuma viwili vyembamba, vinavyokatiza tumboni mwa ndege na kuyashika mabawa ya chini, vilikuwa vimekatika kwenye hesi. Vilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma tangu zamani, nyufa ambazo jicho la mpitaji haliwezi kuziona.

Kanuni ya ndege hii yataka vyuma hivyo vibadilishwe baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 18, lolote litakalotangulia. Vile vilivyokatika vilikuwa havijafikia kikomo hicho. Havikuwa vya kiwanda cha asili, bali vilitengenezwa baadaye kuwa badala yake. Baada ya ajali, habari ilipaswa kumfikia upesi kila mwenye ndege ya aina ile, popote alipo, ili atazame ni vyuma gani alivyo navyo.

Swali ni hili: nani ajuaye kila ndege ilipo? Kiwanda hakipo tena. Serikali ina daftari la ndege zilizoandikishwa nchini mwake tu. Chama kilicho hai ndicho kinachoweza kuyaunganisha madaftari hayo, na kumjua mtu kwa jina na ndege yake kwa namba.

DAWA YA KUKIHUISHA

Kukihuisha chama, basi, hakuanzi na karamu, bali na orodha. Kila ndege iandikwe: namba yake ya kiwandani, mwenyewe, mahali ilipo na hali yake. Hata iliyolala ghalani bila mabawa iandikwe, maana kesho yaweza kununuliwa na kijana asiyejua historia yake.

La pili ni jarida la ufundi lisilo na haya. Fundi aliyekuta ufa atangaze bila kuogopa kuchekwa, na aliyekosea kufunga nati aseme, ili mwenzake aokoke.

La tatu ni vipuri. Kuchonga kipuri kimoja ni ghali mno, lakini wenye ndege 20 wakiagiza pamoja, gharama hugawanyika. Lakini pasiwe na njia ya mkato: kila kipuri kifuate michoro ya asili na kipate idhini. Huko Uingereza, tangu mwaka 2001, kampuni ndogo iitwayo de Havilland Support imechukua dhamana ya kuitunza michoro hiyo na kutoa maelekezo kwa mafundi wa Tiger Moth.

La nne ni vijana. Si kila kijana aweza kununua ndege, lakini watu kadhaa waweza kumiliki moja kwa ushirika na kugawana gharama za banda, petroli na bima. Tena asiye na fedha aweza kuingia kwa mlango wa kazi: ashone, apake dawa, asafishe injini, mpaka siku ile atakapopewa kiti cha nyuma.

FUNZO KWA WALIO KAZINI

Askari anaelewa jambo hili kuliko wengi. Silaha, gari au redio ya zamani haimponzi kwa sababu ya umri wake. Humponza pale daftari lake linapoachwa tupu, na pale ajuaye kuitengeneza anapostaafu bila kumwachia mtu ujuzi wake. Siku chama kitakapomzika fundi wake wa mwisho wa kushona mabawa, iwe wapo watu wawili au watatu pale kaburini ambao mikono yao imekwisha kujua kazi ile.