Je, Wajua? Walioingia Kwenye Mazungumzo ya Amani Mikono Mitupu

Wahenga walituachia msemo mkali: amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Ni kauli nzito, na vita vingi vimeipa ushahidi. Lakini ipo historia nyingine. Akina mama wa sokoni, mapadri, masheikh, mawakili, wazee wa koo na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameingia kwenye mazungumzo ya amani mikono mitupu, na mara nyingi wao ndio waliowasukuma wenye silaha mpaka wakashika kalamu. Hizo ndizo asasi za kiraia. Tuwafuate mmoja mmoja, kisha tuurudie ule msemo.

1. Je, wajua kwamba juhudi za amani za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, zilichipuka kwenye mazungumzo ya wanawake harusini? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukame ulikuwa umeua mifugo, koo zilikuwa zikishambuliana, na uhasama ulikuwa umeingia hadi sokoni: mama wa ukoo huu hakununua kwa mama wa ukoo ule. Wanawake wakaanzia hapo hapo. Walichagua wenzao wa kuliangalia soko, ili kila mmoja auze na anunue kwa yeyote bila kuulizwa ni binti wa nani.

2. Je, wajua walikofika? Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakawaendea vijana, kisha wakabisha hodi serikalini. Mwaka 1993 wazee wa koo walikubaliana Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kuishi pamoja tena. Mmoja wa wanawake wale, Dekha Ibrahim Abdi, alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mfano wa Wajir uliigwa kwingine, na kamati za amani za wilaya zikaenea Kenya.

3. Je, wajua kwamba vita vya Msumbiji vilimalizwa katika nyumba ya jumuiya ya waumini Wakatoliki mjini Roma? Jumuiya ya Sant'Egidio ilianzishwa mwaka 1968 na Andrea Riccardi, akiwa bado kijana wa shule. Haikuwa na jeshi wala mafuta ya kumtishia mtu. Ilichokuwa nacho ni kuaminiwa na pande zote mbili. Chama tawala cha Frelimo na waasi wa Renamo walizungumza humo kwa miezi 27, tangu Julai 1990, hadi Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, walipotia saini Mkataba Mkuu wa Amani tarehe 4 Oktoba 1992. Mpaka leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa Msumbiji.

4. Je, wajua kwamba kati ya wapatanishi wanne wa mazungumzo hayo, ni mmoja tu aliyetoka serikalini? Huyo ni Mario Raffaelli, aliyeiwakilisha Italia. Wengine walikuwa Riccardi mwenyewe, Padri Matteo Zuppi, ambaye baadaye alifanywa kardinali, na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, mwana wa Msumbiji aliyejua nchi yake inaumwa wapi.

5. Je, wajua kwamba vita vya kwanza vya kusini mwa Sudan, vilivyoanza mwaka 1955, vilisitishwa kwa msaada wa makanisa? Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, wenye makao Nairobi, ndio walioziweka pande mbili chumba kimoja mjini Addis Ababa. Aliyeongoza vikao ni kasisi wa Liberia, Burgess Carr. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliweka uzito wake, na mkataba ukapatikana mwaka 1972. Ulidumu miaka 11, hadi vita vilipofumuka upya mwaka 1983. Kizazi kizima cha watoto kilianza shule na kuimaliza katika miaka hiyo.

6. Je, wajua kwamba wanawake wa Liberia waliwafungia wapatanishi na wababe wa vita ukumbini? Mwaka 2003, Leymah Gbowee na wenzake, Wakristo kwa Waislamu, walivaa fulana nyeupe wakaketi karibu na soko la samaki la Monrovia, siku baada ya siku, jua kwa mvua. Walidai kuonana na Rais Charles Taylor, wakaonana naye, wakamtaka aende kuzungumza. Mazungumzo yalipofunguliwa Ghana mwezi Juni, ujumbe wao ulikwenda huko kuyasimamia.

Wiki zilipita. Wakubwa walilala hotelini wakigawana vyeo, huku mabomu yakianguka Monrovia. Mwezi Julai wanawake wakaketi mlangoni, wakashikana mikono, wakasema hatoki mtu mpaka kieleweke. Walinzi walipokuja kumkamata, Gbowee alianza kuvua nguo. Afrika Magharibi, mama akijivua nguo mbele ya wanaume waliozaliwa na mama, ni laana. Walinzi walirudi nyuma. Mpatanishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, akaketi nao kuzungumza, na tangu siku hiyo kasi ya mazungumzo ikabadilika. Mkataba ulisainiwa tarehe 18 Agosti 2003. Mwaka 2011 Gbowee alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Ellen Johnson Sirleaf na Tawakkol Karman wa Yemen.

7. Je, wajua kwamba mtandao wa wanawake wa nchi za Mto Mano, yaani Guinea, Liberia na Sierra Leone, uliweka saini yake kwenye mkataba huo kama shahidi? Mwaka huo huo wa 2003 Umoja wa Mataifa uliupa mtandao huo tuzo yake ya haki za binadamu.

8. Je, wajua kwamba Arusha ndiko wanawake wa Burundi walikobishia mlango wa amani ya nchi yao? Mazungumzo yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake Oktoba 1999 na Nelson Mandela, yalikuwa na makundi 19, karibu yote ya wanaume watupu. Wanawake walipoomba nafasi, wajumbe waliuliza wanamwakilisha nani. Hawakuondoka. Wachache walipewa kiti cha waangalizi, na Julai 2000 wanawake wa Kihutu na wa Kitutsi walifanya mkutano wao Arusha, wakatoka na sauti moja. Mandela aliyapokea mapendekezo yao, na zaidi ya nusu yaliingia kwenye mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Dai lao la asilimia 30 ya nafasi za uongozi lilikataliwa wakati ule, lakini katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ililiandika.

9. Je, wajua kwamba Somalia iliwahi kuwa na "ukoo wa sita"? Kwenye mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti viligawiwa kwa koo, na koo hazikuwapeleka wanawake. Mwanamke wa Kisomali huzaliwa ukoo mmoja na huweza kuolewa mwingine. Vita vikizuka, kaka zake na wanawe wanaweza kusimama pande mbili. Asha Haji Elmi na wenzake wakasema: basi sisi ni ukoo wetu wenyewe. Waliingia kwa jina hilo, wakatoka na viti 25 bungeni.

10. Je, wajua kwamba chama kilichoundwa wiki chache tu kabla ya uchaguzi kilipata viti viwili katika mazungumzo ya Ireland ya Kaskazini? Ni Muungano wa Wanawake wa mwaka 1996, ulioongozwa na Monica McWilliams, Mkatoliki, na Pearl Sagar, Mprotestanti. Walipata takribani asilimia 1 ya kura tu, na hiyo ikatosha. Katika Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 walitetea mambo ambayo vyama vikubwa vilikuwa havina muda nayo: wahanga wa vita, na shule ambazo watoto wa pande mbili wangesoma pamoja.

11. Je, wajua kwamba Tunisia iliokolewa na mahasimu wa kazini? Mwaka 2013, baada ya wanasiasa wawili wa upinzani kuuawa kwa risasi, nchi ilikuwa ukingoni. Chama cha wafanyakazi kikaungana na chama cha waajiri, wale wale waliozoea kuvutana kuhusu mishahara. Wakajumuika na chama cha haki za binadamu na chama cha mawakili. Hao wanne waliwaketisha wanasiasa mpaka katiba mpya ikapita Januari 2014. Mwaka 2015 wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani.

12. Je, wajua kwamba viongozi wa dini wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, walilala nje na watoto? Kila jioni maelfu ya watoto walitembea kutoka vijijini hadi mjini Gulu kuwakimbia waasi wa LRA waliokuwa wakiwateka. Mwaka 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake wa dini na madhehebu mengine walibeba vitu vyao wakalala nao huko mjini, ili dunia ione. Kundi lao lilisimama pia nyuma ya sheria ya msamaha ya mwaka 2000, iliyowafungulia waasi njia ya kurudi nyumbani. Waliomba msamaha huo kwa ajili ya watoto wao wenyewe, waliotekwa wakageuzwa askari.

13. Je, wajua kwamba huko Wunlit, katika Sudan Kusini ya leo, mkutano wa amani wa mwaka 1999 ulifunguliwa kwa fahali mweupe? Baraza la makanisa ya huko liliwakutanisha machifu, akina mama na vijana wa Kidinka na wa Kinuer baada ya miaka ya kuuana. Fahali alichinjwa kwenye ufunguzi. Kila upande ulisimulia makosa ya mwenzake mbele ya wote, bila kukatizwa. Mwisho mapatano yakawekwa: wanawake na watoto waliotekwa warudishwe, malisho na maji yatumiwe kwa pamoja.

14. Je, wajua nani waliokutana Nairobi kabla mpatanishi Kofi Annan hajatua, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007? Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande, George Wachira na yule yule Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Kundi lao la raia lilikutana kila asubuhi hotelini, mlango wazi kwa yeyote mwenye habari au wazo. Upande mwingine, muungano wa watetezi wa haki ulisisitiza kwamba amani bila ukweli na haki haitadumu. Hawakusema kwa sauti moja, na nchi ilihitaji sauti zote mbili. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008.

15. Je, wajua kwamba wahanga 60 wa vita vya Kolombia walisafirishwa hadi Havana mwaka 2014, kumi na wawili kila safari, wakakaa ana kwa ana na wajumbe wa serikali na wa waasi? Kulikuwa na walioumizwa na waasi wa FARC, na jeshi, na wanamgambo. Hata hivyo, tarehe 2 Oktoba 2016 wapiga kura waliukataa mkataba kwa tofauti ndogo mno, na ikabidi urekebishwe kabla ya kusainiwa upya mwezi Novemba. Somo lake ni zito: waliokuwa chumbani walielewana, lakini mamilioni waliokuwa nje hawakuwa wamefikiwa.

16. Je, wajua kwamba kiti mezani nacho kina mtihani wake? Katika mazungumzo ya Wakongomani huko Sun City, Afrika Kusini, mwaka 2002, asasi za kiraia zilikuwa mshiriki kamili. Mkataba wa Pretoria wa Desemba mwaka huo ulizipa uongozi wa taasisi tano za kusaidia demokrasia, ikiwemo tume ya uchaguzi, iliyoongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu hadi uchaguzi wa 2006. Lakini penye mgawo wa vyeo, anayekuja kusemea wananchi naye hupewa sahani. Akishaanza kula, sauti yake hupungua. Asasi inayokwenda kwenye mazungumzo inahitaji watu wanaobaki nyumbani na wenye haki ya kuiuliza imesema nini kwa jina lao.

17. Je, wajua kwamba haya yamepimwa? Mtafiti Desirée Nilsson wa Sweden alichunguza mikataba 83 ya miaka 1989 hadi 2004. Aligundua kwamba palipohusishwa asasi za kiraia, hatari ya amani kuvunjika ilipungua kwa asilimia 64. Na bado, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kati ya 1992 na 2019 wanawake walikuwa asilimia 13 tu ya wajumbe wa mazungumzo makubwa ya amani, na asilimia 6 ya wapatanishi.

18. Je, wajua kwamba azimio la Baraza la Usalama linalozitaka nchi ziwashirikishe wanawake katika amani, namba 1325, lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000 chini ya uenyekiti wa Namibia? Nchi iliyokuwa na miaka kumi tu tangu ipate uhuru kwa mapambano ndiyo iliyoushikilia mlango huo.

19. Na je, wajua zilikokwenda bunduki za Msumbiji? Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa wazo la Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Kianglikana, lilianza kuwaambia wananchi: leteni silaha, mchukue zana. Waliofukua bunduki walizozificha walirudi nyumbani na cherehani, baiskeli na majembe. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vyuma. Mwaka 2001 msanii aitwaye Kester aliunda kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki hizo, na leo kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Katika silaha zote zilizounganishwa kukitengeneza, hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika.

Sasa turudi kwa wahenga. Upanga umewahi kunyamazisha vita, hilo halina ubishi. Lakini Wajir amani ilianzia kwenye vibanda vya soko, Monrovia ilianzia kwenye fulana nyeupe, na Msumbiji iliingia vijijini imebebwa begani, kwenye ncha ya jembe.