Kitasa cha Ghorofa ya 9

Kila siku kazi ilipokwisha, wasichana wa kiwanda cha blauzi cha Triangle, jijini New York, walipanga foleni mbele ya njia nyembamba ya kutokea upande wa mtaa wa Greene. Njia hiyo ilipitisha mtu mmoja mmoja. Kila msichana alifungua mkoba wake apekuliwe, isije ikawa ameficha kipande cha lesi au blauzi nzima. Ngazi nyingine zilikuwepo upande wa Washington Place, lakini mlango wake ulitiwa ufunguo ili asitoke mtu bila kupekuliwa.

Jengo lenyewe halikuwa banda bovu. Lilikuwa na ghorofa 10, lilikamilika mwaka 1901, na lilisifiwa kuwa haliungui. Kabla ya hapo nguo nyingi za New York zilishonwa kwenye vyumba vya kupanga vya maskini, cherehani ikiwa kando ya kitanda na watoto wakivuta nyuzi. Umeme na lifti ndivyo vilivyopandisha viwanda juu, mahali penye mwanga na nafasi ya kupanga mamia ya mashine. Max Blanck na Isaac Harris, wahamiaji waliotajirika kwa blauzi, walishika ghorofa tatu za juu wakaajiri watu wapatao 500. Wengi walikuwa wasichana wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitalia, baadhi yao wenye umri wa miaka 14.

Wasichana hao hawakuwa wanyonge wa kunyamaza. Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union, mshonaji wa miaka 23 aitwaye Clara Lemlich aliomba nafasi baada ya wanaume kuhutubia kwa saa nyingi. Akasema kwa Kiyidi kwamba maneno yametosha, wagome. Zaidi ya wafanyakazi 20,000 waligoma, wakasimama barabarani kwenye baridi kali, wakapigwa na kukamatwa. Viwanda vingi vidogo vilikubali masharti yao. Triangle ilipunguza saa na kuongeza malipo kidogo, lakini ilikataa katakata kukitambua chama cha wafanyakazi. Hapo ndipo palipouma zaidi, maana pasipo chama, mshonaji aliyetaka mlango uachwe wazi alikuwa peke yake mbele ya tajiri, na kesho yake angeweza kukosa kazi.

Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, saa 10:40 alasiri, bahasha za mshahara zilikuwa zimeshagawiwa. Wengine walikuwa wanavaa makoti. Chini ya meza ya kukatia vitambaa, ghorofa ya 8, kulikuwa na sanduku la mabaki ya pamba nyepesi ambayo hayakuzolewa kwa wiki nyingi. Inaaminika kuwa mtu alitupa humo njiti ya kiberiti au kipande cha sigara. Moto ukaruka hadi kwenye karatasi za mitindo zilizoning'inia juu ya meza, na ndoo za maji hazikufua dafu.

Ghorofa ya 8 walipiga simu ghorofa ya 10, walikokuwa wenye mali, nao wakaokoka kupitia paa. Ghorofa ya 9 haikupata habari. Washonaji wa huko waliujua moto ulipowafikia.

Baadhi waliwahi mlango wa Greene. Wengine walikimbilia ngazi ya chuma ya nje, ambayo ilikunjika kwa joto na uzito wao, wakaanguka nayo. Mwendesha lifti Joseph Zito alipanda na kushuka ndani ya moshi, akijaza watu kupita kiasi, mpaka lifti ikashindwa. Waliobaki walisongamana kwenye mlango wa Washington Place. Wakauvuta, wakausukuma, wakaupiga kwa ngumi. Haukufunguka.

Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi yao ndefu iliishia ghorofa ya 6. Walitandaza nyavu, zikachanika, kwa kuwa wasichana waliruka wawili watatu wakiwa wameshikana. Katika muda usiozidi nusu saa, watu 146 walikuwa wameshapoteza maisha au kuumia kwa namna ambayo hawakupona tena. Wanawake na wasichana walikuwa 123. Kuta za jengo zilibaki zimesimama kama zilivyosifiwa.

Baadaye, wapekuzi waliokuwa wakichambua majivu ya ghorofa ya 9 waliokota kitasa, komeo lake likiwa limechomoza nje, yaani limefungwa. Kililetwa mahakamani Desemba 1911 Blanck na Harris waliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Sheria ya New York ilikuwa tayari inakataza kufunga mlango wa kiwanda saa za kazi. Lakini jaji aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba lazima waridhike kuwa wenye kiwanda walijua mlango umefungwa wakati ule ule. Wakaachiwa huru. Mwaka 1914 familia 23 zilizodai fidia zililipwa dola 75 kwa kila marehemu. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda kingine. Alitozwa faini ya dola 20.

Kwa hiyo haki haikutoka mahakamani. Ilitafutwa kwingine.

Siku ya moto, Frances Perkins, mwanamke wa miaka 30 aliyekuwa akipigania hali bora za kazi, alikuwa akinywa chai kwa rafiki jirani na hapo. Alisikia kelele, akakimbia, akashuhudia watu wakiruka. Jimbo lilipounda tume ya kuchunguza viwanda, chini ya wanasiasa Robert Wagner na Al Smith, Perkins hakuridhika kuwaletea ripoti mezani. Aliwapeleka wakaone. Alfajiri Smith aliwaona wanawake wakitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kamba. Kwenye viwanda vya kusindika mboga waliwakuta watoto wadogo wakimenya maharage. Wagner alipitishwa kwenye tundu dogo la ukuta lililoitwa njia ya kutokea wakati wa moto, akakuta ngazi imeganda barafu na inaishia juu juu, mbali na ardhi.

Wanaume hao walirudi bungeni wakiwa wamebadilika. Zilipitishwa sheria zaidi ya 30: milango ifunguke kwa nje, wafanyakazi wafanye mazoezi ya kukimbia moto, na viwanda vyenye watu zaidi ya 200 juu ya ghorofa ya 7 viwekewe mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe. Wiki ya kazi ya wanawake ikawekewa kikomo cha saa 54. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimteua Perkins kuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Chini yake ikaja hifadhi ya jamii mwaka 1935, na mwaka 1938 kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima.

Jengo bado lipo. Sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha New York, na wanafunzi hupanda ngazi zake kwenda maabara. Kila tarehe 25 Machi wakazi wa jiji huchukua chaki, wakaandika majina ya marehemu na umri wao kwenye lami mbele ya nyumba walizokuwa wakiishi.

Sita kati yao hawakuwa na majina. Maiti zilipopangwa gatini ili zitambuliwe, jamaa waliwajua watu wao kwa pete, kwa kiatu, kwa soksi iliyotiwa kiraka. Hao sita hawakubaki na kitu cha kuwatambulisha, wakazikwa pamoja Brooklyn siku ya mvua, tarehe 5 Aprili 1911. Mtafiti mmoja wa historia alitumia miaka akipekua magazeti ya zamani na kumbukumbu za vifo, na mwaka 2011, kwenye maadhimisho ya miaka 100, kwa mara ya kwanza yakasomwa majina yote 146.